Kupumzika gesti kwenye nyika za Watibeti: maswali ambayo watu wanauliza kila mara

Haya maswali yanakuja tena na tena, mengi kutoka kwa wanafunzi na wafanyabiashara wa Kitanzania na Kikenya walioko Guangzhou, Chengdu na Lanzhou, na mengine kutoka kwa watu wanaopanga safari wakiwa nyumbani. Kabla hujaendelea ujue msimamo wangu: huko mtu anaenda kupumzika. Ukienda kukimbiza vivutio kumi kwa siku nne utarudi na kichwa kinauma na picha za dirisha la basi tu. Majibu yote ya hapa chini yanaegemea hapo.

## Mwanzo kabisa

Nyika za Watibeti ziko wapi hasa? Si lazima niende Lhasa?

Si lazima, na hapa ndipo wengi wanachanganya. Watibeti hawaishi ule mkoa wa Lhasa peke yake, wako pia Qinghai, kusini mwa Gansu, magharibi mwa Sichuan na kaskazini mwa Yunnan, na malisho mazuri ya kupumzikia yako huku mashariki, eneo ambalo wenyewe wanaliita Amdo. Hapa nazungumzia zaidi Sangke na Ganjia karibu na mji wa Xiahe, Langmusi pale mpakani mwa Gansu na Sichuan, na Ruoergai ambayo Watibeti wanaiita Zoige. Lhasa ina taratibu zake, angalia swali la mwisho kabisa.

Gesti yenyewe ikoje, ni hoteli au ni hema?

Inategemea. Kuna nyumba za familia za wafugaji waliotenga vyumba viwili vitatu vya wageni, hizi ndizo ninazozipenda mimi. Kuna gesti za mjini Xiahe na Langmusi zenye bafu ndani, halafu kuna kambi za mahema, nyingine za kifahari kwelikweli zenye kitanda cha mbao na jiko la kuni katikati. Yale mahema meupe ya duara utakayoyaona yamepangwa pembeni ya barabara Sangke ni ya mtindo wa Kimongolia, yamewekwa kwa ajili ya watalii. Hema la Mtibeti ni jeusi, limefumwa kwa manyoya ya yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu, lina pembe, na juu lina uwazi wa kutolea moshi.

Nikae siku ngapi?

Usiku tatu sehemu moja, chini ya hapo bora usiende. Usiku wa kwanza mwili unapambana na hewa kwa hiyo huo usiuhesabu, siku ya pili ndio unaanza kusikia njaa vizuri na kulala, siku ya tatu sasa umeshazoea mlio wa mbwa na ratiba ya mama mwenye nyumba na hapo ndipo unapumzika. Ukiwa na wiki nzima gawa sehemu mbili, si nne.

Niende mwezi gani?

Julai na Agosti majani yako kijani kabisa na maua kila mahali, ila mvua za ghafla zipo na watalii wa ndani ni wengi. Nusu ya pili ya Juni na mwanzo wa Septemba ndio chaguo langu, bei zinapoa, barabara zina nafasi, Septemba majani yanageuka rangi ya dhahabu na usiku barafu inaanza. Mei theluji bado inaweza kuanguka, usishangae. Wiki ya kwanza ya Oktoba ikwepe kabisa, ni likizo ya taifa na China nzima iko barabarani.

Baridi ya Januari inashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri na gesti nyingi za nyikani zinafungwa. Za mjini Xiahe zinabaki wazi kwa sababu ya sikukuu ya Monlam, siku chache baada ya mwaka mpya wa Kitibeti, wakati watawa wa monasteri ya Labrang wanapotandaza mlimani picha kubwa ya Buddha ya kitambaa. Ni jambo la kuona kweli, lakini hiyo ni safari ya sikukuu, kupumzika ni kitu kingine.

## Kufika na makaratasi

Nafikaje kutoka Afrika Mashariki?

Air Tanzania na Kenya Airways zinaenda Guangzhou, Ethiopian inatoka Addis Ababa mpaka Chengdu, na ya Chengdu ndiyo inakusogeza karibu zaidi. Ukishafika una njia mbili. Ya kwanza panda treni ya kasi mpaka Lanzhou, lala hapo, kesho yake basi la kwenda Xiahe ni kama saa nne hivi. Ya pili, tangu Agosti 2024 kuna treni kutoka Chengdu kupanda mpaka kituo cha Huanglong Jiuzhai, chini ya saa mbili tu, kisha gari mpaka Ruoergai.

Viwanja vya ndege vya karibu vipo, Gannan Xiahe na Hongyuan, lakini vyote viko juu ya mita 3,000 na kushuka ghafla kutoka kwenye joto la Guangzhou mpaka huko siwashauri, sababu iko kwenye sehemu ya mwinuko.

Nahitaji kibali maalum?

Kwa Xiahe, Langmusi na Ruoergai viza ya kawaida ya China inatosha, na kama wewe ni mwanafunzi kibali chako cha ukaazi kinatosha, hakuna haja ya kundi wala mwongoza watalii. Sehemu chache za Sichuan wageni wa nje hawaruhusiwi, mfano Larung Gar, chuo kikubwa cha Kibuddha kule Seda, na sehemu nyingine zinafungwa kwa muda hasa Februari na Machi. Uliza gesti siku chache kabla hujaondoka, wao ndio wanajua mapema.

Gesti ilinikatalia kwa sababu mimi ni mgeni wa nje. Ni ubaguzi?

Mara nyingi tatizo ni usajili. Sheria inataka kila mgeni wa nje aandikishwe polisi ndani ya saa 24, hotelini wanakufanyia wao, lakini familia ndogo nyikani saa nyingine haijui utaratibu au inaogopa kukosea. Kwa hiyo unapobuki andika waziwazi kwamba una pasipoti ya Tanzania au Kenya, tuma picha ya pasipoti na viza, uliza kama wanaweza kukuandikisha. Wakijibu kwa kusitasita tafuta nyingine, usije ukafika saa mbili usiku ukaanza kubishana getini.

Malipo je?

Alipay au WeChat iliyounganishwa na kadi yako ya Visa inafanya kazi karibu kila mahali, hata kwa bibi anayeuza mtindi pembeni ya barabara. Beba na noti kidogo, mtandao ukikata huko juu hata hiyo simu haikusaidii.

## Mwinuko na afya

Ni juu kiasi gani, na nitaumwa?

Xiahe ni kama mita 2,900, Sangke na Ganjia ni zaidi kidogo ya 3,000, Langmusi 3,300 hivi, Ruoergai karibu 3,500. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu basi chukulia unalala katikati ya Mandara iliyoko mita 2,720 na Horombo iliyoko 3,720, tofauti ni kwamba Kilimanjaro ulipanda kwa miguu mwili ukazoea njiani, huku unapandishwa na gari mchana mmoja.

Kwenye mita 3,500 presha ya hewa ni kama theluthi mbili ya ile ya Dar, kwa hiyo kila pumzi unapata oksijeni pungufu. Kichwa kuuma, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula usiku wa kwanza ni kawaida. Panda kwa hatua, yaani Lanzhou usiku mmoja, Xiahe usiku mmoja au miwili, ndipo uende nyikani. Siku ya kwanza usioge maji ya moto sana muda mrefu, usikimbie, usinywe pombe, kula kidogo kidogo. Kijana mwenye mazoezi anaumwa sawasawa na mzee, tena vijana ndio wanaumia zaidi kwa sababu wanaona aibu kupumzika.

Dalili za kutokuchezea ni hizi: kupumua kwa shida hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa. Hapo hakuna kusubiri asubuhi, mtu ashushwe chini usiku huohuo na namba ya dharura China ni 120. Zile kopo za oksijeni madukani zinatuliza kwa dakika chache tu, hazitibu.

Dawa ya kuzuia ipo?

Ipo, inaitwa acetazolamide, wengi wanaijua kwa jina la Diamox, inaanza kunywewa siku moja kabla ya kupanda. Ongea na daktari kwanza, hasa kama una aleji ya dawa za salfa.

Nina selimundu, au nimebeba tu kinasaba chake. Naweza kwenda?

Swali hili naomba lichukuliwe kwa uzito kwa sababu sisi Waafrika Mashariki tunalibeba wengi na miongozo mingi ya watalii hailigusi. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asiende, oksijeni ikipungua chembe zinajikunja na kuziba mishipa. Aliyebeba kinasaba tu mara nyingi yuko salama lakini kuna watu wa aina hiyo ambao bandama yao imepata madhara wakiwa milimani, kwa hiyo pima kabla kama hujui hali yako, mwambie daktari unakwenda mita ngapi, na ukiwa huko maumivu makali ya tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu usiyaite gesi, shuka chini uende hospitali. Wajawazito na wenye matatizo ya moyo au mapafu nao wasiamue wenyewe bila daktari.

Ngozi nyeusi inahitaji losheni ya jua?

Inahitaji. Jua la huko ni kali na upepo mkavu, midomo inapasuka siku ya pili tu. Losheni, mafuta ya midomo, kofia, miwani.

## Maisha ndani ya gesti

Usiku baridi inavumilika?

Ndani inavumilika. Vitanda vingi vina blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka, liwashe nusu saa kabla ya kulala. Sebuleni kuna jiko refu la chuma lenye bomba la kutolea moshi, linawashwa kwa mavi makavu ya yaki, na kabla hujakunja uso ujue kwamba hayanuki vibaya yakishakauka, yanaungua polepole na joto lake linatulia. Ukiamka asubuhi utaona kina mama wanayabandika ukutani yakauke au wanayapanga marundo kama ukuta, ile ndiyo akiba ya baridi nzima kwa sababu miti hakuna.

Beba sweta zito, koti la kuzuia upepo, soksi za sufu na nguo za ndani za kubana hata kama ni Julai, maana usiku nyuzi zinashuka mpaka chini ya 10.

Choo na kuoga vipi?

Nyikani choo kiko nje, ni shimo, na usiku utahitaji tochi na mtu wa kukusindikiza kwa sababu ya mbwa, soma jibu la mbwa. Kuoga ni maji ya sola kama kulikuwa na jua, au beseni. Wengi wanakaa siku mbili bila kuoga na kwa baridi ile hakuna anayesikia harufu. Ukitaka bafu la uhakika lala mjini, nenda nyikani mchana.

WhatsApp na Google zinafanya kazi?

Kwa laini ya China hapana. Ukitumia roaming ya laini ya nje kawaida zinafunguka. Waambie nyumbani mapema kwamba siku tatu utakuwa hewani kidogo tu, na ukumbuke huko wametangulia saa tano, ukipiga baada ya chakula cha usiku nyumbani bado ni mchana. Nikisema ukweli zima tu.

Siku nzima nitafanya nini?

Kidogo sana, na ndiyo raha yenyewe. Alfajiri mama mwenye nyumba na binti zake wanaenda kukamua yaki majike ambao wamefungwa mstari mmoja kwenye kamba iliyolazwa chini. Ndama anaachiwa anyonye mara mbili tatu maziwa yashuke, anavutwa pembeni, mama anaendelea na ndoo yake huku paji la uso ameliegemeza ubavuni kwa mnyama na mvuke unapanda. Ukiomba kwa adabu watakuacha ukae pale uangalie. Watacheka ukijaribu, maana maziwa ya yaki hayatoki kirahisi.

Mchana mifugo iko mbali, nyumba inatulia, watu wanalala jua likiwa kali. Tembea mpaka kilima cha karibu, polepole, kaa juu. Ukiwa Ganjia kuna kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko mandhari yote: pango la Baishiya, mita 3,280 juu, sehemu ambayo mwaka 1980 mtawa mmoja aliokota kipande cha taya, na mwaka 2019 wanasayansi wakatangaza kwamba ni la Denisovan, watu wa kale kabisa waliotoweka, na lina umri usiopungua miaka 160,000. Watibeti wa leo wana kinasaba kinachowasaidia kuishi kwenye hewa nyepesi, na kimetoka kwa watu wa jamii hiyo ya Denisovan. Sasa wewe kaa nje ya pango hilo ukihema kwa shida, uwaze.

Ukiwa Xiahe, monasteri ya Labrang ilianzishwa 1709 na njia ya kuizunguka ina urefu wa kilomita tatu hivi, imejaa magurudumu ya sala ya mbao, bibi vizee wanaizunguka kila asubuhi. Ruoergai kuna madimbwi ya mboji yanayohifadhi maji ya Mto Manjano, na miezi ya joto ndege korongo wenye shingo nyeusi wanazaliana humo. Jua la Julai linazama kama saa mbili na nusu usiku kwa hiyo jioni ni ndefu, usijaze mambo.

Kupanda farasi?

Ndio, patana bei na muda kabla hujapanda, na mwombe mwenye farasi amshike hatamu.

## Chakula

Wanakula nini?

Tsampa kwanza. Ni unga wa shayiri iliyokaangwa. Unawekewa kwenye bakuli na siagi, chai kidogo na jibini kavu, halafu unakanda kwa vidole vya mkono mmoja huku bakuli unalizungusha kwa mkono wa pili, mpaka linatoka donge gumu kama tonge la ugali, sisi tunalipatia haraka kuliko Wazungu. Kuna momo za nyama, yaani vidonge vya unga vilivyojazwa nyama, supu ya tambi inayoitwa thukpa, nyama ya kondoo ya kuchemsha, mtindi mzito wa maziwa ya yaki wenye sukari juu, na wali wenye siagi na vimizizi vitamu vinavyoitwa droma. Mboga za majani ni chache. Maji huko yanachemka kabla hayajafika nyuzi 90, ndio maana kila jikoni utakuta sufuria ya presha.

Chai ya siagi siiwezi, nikatae?

Usikatae kikombe cha kwanza. Ina chumvi na mafuta, ukiinywa ukitegemea chai ya maziwa itakushinda, ukiinywa kama mchuzi inapita. Jambo la kujua ni kwamba kikombe hakiachwi tupu, ukipiga funda mwenyeji anajaza, ukimaliza anajaza. Kama umetosheka kiache kimejaa mbele yako, kinywe kidogo wakati unaaga. Sehemu nyingi za Amdo wanakunywa pia chai nyepesi ya maziwa au ya rangi, omba hiyo vikombe vinavyofuata.

Mimi Mwislamu, nitakula wapi?

Hapa Amdo una bahati. Wahui, Waislamu wa China, wamechanganyika na Watibeti miaka mingi, Xiahe na Langmusi kuna migahawa yao yenye kibao cha kijani kilichoandikwa 清真, yaani halali, na barabara ya kutoka Lanzhou inapita Linxia, mji wenye misikiti mingi mpaka unaitwa Makka ndogo ya China. Tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou ni chakula chao. Tatizo liko kwenye gesti ya familia nyikani, nyama yao hawakuchinja kwa utaratibu wetu, na sufuria ni hizohizo. Waambie mapema unakula mtindi, mayai, mkate, tsampa na viazi, na njoo na sufuria ndogo yako kama una wasiwasi. Kibla ni magharibi, programu ya kibla ipakue ukiwa bado mjini.

## Adabu

Kitu gani kitawaudhi wenyeji bila mimi kujua?

Kutupa takataka kwenye jiko au kuliruka, moto wa nyumba una heshima yake. Kunyoosha miguu kuelekea madhabahu. Kukanyaga bendera za sala. Kumpiga mtu picha usoni bila kuomba. Ukivishwa kata, ile skafu nyeupe, inamisha kichwa, ipokee kwa mikono miwili. Wazee waamkie kwanza, "cho demo" inatosha kwa Amdo na uso wako utamalizia.

Monasteri na vilima vya sala unazunguka mkono wa kulia ukiwa upande wa jengo, yaani kama mshale wa saa. Ila Ganjia ipo monasteri ya Bon, dini ya kale ya Watibeti, na wao wanazunguka kinyume. Angalia bibi mmoja anaelekea wapi, mfuate.

Siasa usiziulize, na picha za viongozi wao wa dini usigawe. Wewe utaondoka Jumatatu, yeye anabaki hapo.

Watanishangaa kwa sababu mimi mweusi?

Watakushangaa. Watoto watakufuata, bibi mmoja anaweza kukugusa nywele au kushika mkono wako aone rangi, na maombi ya picha yatakuwepo. Mara nyingi kwa wafugaji ni udadisi bila dharau, wanacheka na wewe na dakika tano baadaye umeshapewa chai. Lakini una haki ya kusema basi, tikisa mkono, geuka, hakuna atakayekasirika. Dada zangu wenye rasta au suka, mkichoka kuguswa vaeni kofia.

## Hali za pekee

Mbwa?

Hawa ni wakali, wamefugwa kupambana na mbwa mwitu. Usilisogelee hema lolote bila kupiga kelele kutoka mbali mpaka mtu atoke amshike. Ukitembea beba fimbo au mawe. Ukiumwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Naweza kwenda na mtoto mdogo?

Wa umri wa shule sawa, kwa hatua ndogondogo. Mtoto asiyeweza kusema kichwa kinamuuma mwache nyumbani, hutajua anaumwa mpaka hali iwe mbaya.

Nimesikia kuna maziko ya angani Langmusi, yaani maiti kuachiwa tai. Naweza kuangalia?

Usiende. Ni msiba wa mtu, ndugu zake wako pale, na tai wanafanya kazi ambayo kwao ni sadaka ya mwisho ya marehemu. Hata mtu akikuambia atakupeleka kwa hela, kataa.

Nikimaliza hapo naweza kuunganisha mpaka Lhasa?

Unaweza ila panga tangu mwanzo. Kwa mkoa wa Lhasa kila mgeni wa nje anahitaji kibali cha kusafiri Tibet, hata mwanafunzi anayeishi China, na kinaombwa na kampuni ya utalii pamoja na mwongoza watalii na ratiba kamili, mwenyewe huwezi kukiomba. Kwa kawaida wageni hawapokelewi kuanzia mwisho wa Februari mpaka Machi yote. Ukishakuwa na kibali rudi Lanzhou, nenda Xining, panda treni, reli ile ilifika Lhasa 2006 na inapita Tanggula kwenye mita 5,072. Aliyekaa Sangke siku nne tano kwanza ameshazoea hewa kiasi, Lhasa yenyewe ni mita 3,650. Nakala ya kibali beba kwenye karatasi, wanaikagua kabla hujapanda treni.